Ahadi ni Deni, na Deni Huandikwa

Ndugu zangu Waislamu wa Diani, Msambweni na jirani zake,

Kila ujapo wakati wa kura, twakumbukwa. Hutujia wanasiasa, wakatuahidi ardhi, maji na kazi. Kura ikisha, hubaki vumbi la magari yao.

Natutazame jambo moja tulijualo. Madini ya titani yalianza kuchimbwa Kwale mwaka 2013, baada ya watu wa Nguluku na Maumba kuhamishwa katika mashamba yao. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ikaugawanya mrabaha: 70 katika 100 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa Kaunti, na 10 kwa wenyeji wa pachimbwapo. Fungu hilo la tatu likavuma majukwaani, na miaka kadhaa ikapita bila ya kufika vijijini. Mwisho wa mwaka 2024 uchimbaji ukakoma.

Dini yasemaje? Imam Nawawi, katika Al-Adhkar, aeleza kwamba kutimiza ahadi, kwa Imam Shafii na wanavyuoni wengi, ni sunna iliyokazwa, na kuivunja ni karaha kubwa. Katika madhehebu ya Imam Malik, aliyeingia gharamani kwa sababu ya ahadi aliyopewa, ahadi yake ni lazima itimizwe. Ama aahidiye na huku amenuia kutotimiza, huyo ana alama ya unafiki. Na fungu lililokwisha kuandikwa katika sheria si ahadi tena. Ni haki ya watu, na kuizuia ni dhulma.

Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Katika Suratul Baqara tumeamrishwa tukikopeshana tuandike na tuweke mashahidi. Mwenye duka huandika deni la kilo ya sukari; sisi deni la barabara na hospitali twaliacha masikioni, kisha twapokea leso na noti, tukanyamaza.

Basi kila msikiti na uwe na daftari: nani ameahidi, nini, siku gani, na mashahidi wawili. Akirudi baada ya miaka mitano, asomewe kwa adabu, bila ya matusi, kabla hajahutubu. Aliyetimiza ashukuriwe, mwenye udhuru aueleze, asiye na udhuru asipewe amana mara ya pili.

Kura ni ushahidi, na auzaye ushahidi wake ataulizwa kama atakavyoulizwa aliyeununua.

Wabillahi tawfiq.