Umeme Upo, Mbona Unakatika?
Mwongozo wa Mwananchi Kuhusu Umeme wa Tanzania

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha kila anayenunua uniti za LUKU. Ni cha mwenyekiti wa kitongoji anayeulizwa kila siku nguzo zitafika lini, na ni cha mwenye saluni au mashine ya kusaga ambaye umeme ukikatika mchana, riziki ya siku hiyo nayo imekatika. Wengi wao wanauliza jambo moja: tunaambiwa nchi inazalisha umeme mwingi kuliko inaoutumia, sasa mbona taa bado zinazimika?

Jibu fupi ni kwamba tatizo limehama. Kwa miaka mingi lilikuwa kwenye mitambo ya kuzalisha. Leo sehemu yake kubwa iko kwenye nyaya, transfoma na vituo vya kupoza umeme. Kurasa zinazofuata zinaeleza lilivyohama na mwananchi afanye nini.

1. Umeme wetu unatoka wapi?

Kwa miongo kadhaa Tanzania ilitegemea mabwawa. Mtera, Kidatu (megawati 204), Kihansi (megawati 180) na Pangani ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa gridi ya Taifa. Mvua zikikosekana, mgao unafuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2006 na tena 2011, wakati maji ya Mtera yaliposhuka na viwanda vikalazimika kuwasha jenereta.

Njia ya pili ilikuwa gesi asilia. Gesi iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974, lakini ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika na kulisha mitambo ya Kinyerezi. Tangu hapo mwaka wa ukame haukuwa tena mwaka wa giza totoro, ingawa mgao haukuisha. Mwishoni mwa 2023 ulirudi, na ratiba za kukatiwa umeme zikaanza tena kusambaa kwenye simu.

Kilichobadilisha hesabu ni Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na wa tisa ukakamilika Aprili 2025. Uwezo wa mitambo yote nchini ukavuka megawati 4,000, ilhali mahitaji ya juu kabisa mwanzoni mwa 2025 yalikuwa karibu megawati 1,900.

2. Megawati ni kitu kimoja, uniti ni kingine

Megawati ni ukubwa wa lori. Uniti ni mzigo uliokwisha kubebwa. Lori la tani thelathini lililoegeshwa halijafikisha hata gunia moja.

Mitambo ya Bwawa la Nyerere ingezunguka kwa nguvu zote mwaka mzima, ingetoa zaidi ya uniti bilioni 18. Makadirio ya mradi wenyewe ni uniti bilioni 6.3 hivi kwa mwaka, yaani karibu theluthi moja. Hilo si kasoro. Maji ya mto yana kiasi chake, na mitambo mikubwa imewekwa ili iweze kusukuma umeme mwingi saa za jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja. Lakini anayesikia "megawati 4,000" asidhani kwamba kiasi hicho kinapatikana saa ishirini na nne, kiangazi na masika.

Ndiyo maana mitambo ya gesi haikutupwa. Mto ukijaa, gesi hupumzishwa. Maji yakipungua, gesi hurudishwa.

3. Umeme upo, njia ni nyembamba

Machi 2024, mvua zikiwa nyingi, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilizima baadhi ya mitambo ya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Aprili, gridi ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Matukio haya mawili hayapingani. La kwanza linahusu wingi wa umeme, la pili linahusu njia unayopita.

Umeme unaotoka Rufiji husafirishwa kwa msongo wa kilovoti 400 hadi Chalinze, kisha hugawanywa kuelekea mikoani. Unapofika kwenye kituo cha kupoza umeme, msongo hushushwa. Unaposhuka hadi transfoma ya mtaa, hushushwa tena ndipo uingie nyumbani. Kila hatua ina mlango wake wa matatizo:

- Safari ndefu. Sehemu ya umeme hupotea njiani, na mikoa iliyo mbali na mitambo hupata umeme dhaifu. Ndiyo sababu Machi 2025 Serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, jambo lililowashangaza wengi.
- Kituo kilichozidiwa. Mji ukipanuka haraka kuliko kituo kinachoulisha, saa za jioni baadhi ya laini huzimwa ili kituo kisiungue.
- Transfoma ya mtaa. Iliwekwa kwa ajili ya nyumba chache. Sasa inabeba nyumba, gereji, mabucha na mashine za kuchomelea. Inapoungua, mtaa mzima hukaa gizani hata kama Rufiji imefurika.

Ukikatiwa umeme, uliza hitilafu iko hatua ipi. Jibu la swali hilo litakusaidia kuliko idadi ya megawati.

4. Kijiji kimefikiwa, nyumba bado

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha umeme katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi imehamia kwenye vitongoji. Lakini kufikiwa na kuunganishwa ni mambo mawili. Utafiti wa kitaifa wa 2019/20 ulionesha kuwa asilimia 78.4 ya wananchi walikuwa wamefikiwa na umeme, lakini waliounganishwa walikuwa asilimia 37.7 tu. Laini inapita barabarani. Nyumba iliyo mita mia mbili ndani bado inawasha koroboi au taa ya sola.

Januari 2025, kwenye mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Dar es Salaam, Tanzania iliahidi kufikisha kiwango cha kuunganishwa asilimia 75 ifikapo 2030. Maana yake ni wateja wapya milioni 8.3. Kila mmoja anahitaji waya, mita na nafasi kwenye transfoma.

5. Nani anafanya nini?

- Wizara ya Nishati hutunga sera na mipango.
- TANESCO huzalisha sehemu kubwa ya umeme, huusafirisha na kuuza. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaruhusu pia kampuni binafsi kuzalisha na kuiuzia.
- REA hugharimia umeme wa vijijini.
- EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa leseni, hupanga bei na hupokea malalamiko.
- ZECO husambaza umeme Zanzibar. Huununua kutoka Bara, ukipita kwenye nyaya za chini ya bahari: kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, na kutoka Tanga hadi Pemba.

6. Unalipa nini unaponunua LUKU?

TANESCO haipandishi bei yenyewe. Huomba EWURA, ambayo huitisha mkutano wa taftishi, ambako mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema, kisha hutoa uamuzi. Bei zilizopangwa mwaka 2016 zilidumu kwa miaka mingi:

- Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti.
- Mtumiaji wa kawaida: shilingi 292 kwa uniti.

Juu ya bei hizo ziliongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Hivyo 100 ikawa 122, na 292 ikawa karibu 356. Kodi ya jengo nayo hukatwa humo humo. Ukiona uniti zimepungua ghafla, angalia kwanza risiti: huenda umevuka uniti 75 na kuhamishwa kundi, au kodi ya jengo ya miezi iliyopita imekatwa kwa mkupuo.

7. Nani atautumia umeme wa ziada?

Umeme usiotumika haurudishi gharama za bwawa. Reli ya kisasa, iliyoanza safari Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, inaendeshwa kwa umeme. Migodi inaachana na jenereta za dizeli na kuingia gridini. Gridi yenyewe imeunganishwa na Kenya kwa laini ya kilovoti 400, na njia ya kuelekea Zambia inajengwa. Ikikamilika, Tanzania itakuwa daraja kati ya masoko ya umeme ya Mashariki na Kusini mwa Afrika.

Lakini soko kubwa zaidi liko jikoni. Kaya nyingi bado zinapika kwa kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 ikivuta umeme kwa nusu saa hutumia nusu uniti, yaani shilingi zisizofika 180 kwa bei ya kawaida. Linganisha na mkaa wa kuchemshia maharage. Kikwazo ni bei ya sufuria yenyewe, na hofu kwamba umeme utakatika maharage yakiwa nusu mbichi. Hapo tunarudi kwenye transfoma.

8. Mwelekeo wa miaka ijayo

Nusu ya uwezo wa nchi sasa umekaa kwenye mto mmoja. Ukame wa Bonde la Rufiji ukija, utaonekana kila mkoa. Kwa hiyo mradi wa jua wa Kishapu mkoani Shinyanga, upepo wa Singida na jotoardhi ya Mbeya vina thamani inayozidi megawati zake: havikauki pamoja na mto. Vilevile misitu na vyanzo vya maji vya Kilombero na Ruaha Mkuu, mito inayolisha Rufiji, vihesabiwe kuwa sehemu ya mtambo.

9. Ufanye nini?

1. Toa taarifa ya hitilafu TANESCO, na uandike namba ya taarifa yako.
2. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko EWURA. Usiporidhika na uamuzi wake, unaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.
3. Usimpe kishoka kazi ya kufunga nyaya. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA.
4. Kabla ya kufunga mashine kubwa, iarifu TANESCO ili transfoma ikaguliwe.
5. Kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, uliza mambo yanayopimika: transfoma yetu ina uwezo gani, inabeba wateja wangapi, itaongezwa lini, na fedha zake zimo kwenye bajeti ya mwaka gani? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili kikao kijacho kianze na majibu hayo.