MAJI YANAYOPOTEA NJIANI

Mfereji ukikauka, wengi wetu husema maji ni machache, serikali ijenge bwawa jingine. Huenda ni kweli. Lakini hebu jiulize: ukiwa na ndoo iliyotoboka, utaongeza maji au utaziba tundu?

Shirika la maji la mji hupata hasara kwa njia mbili kuu. Kwanza, mabomba makuukuu hupasuka na kuvuja ardhini, mahali jicho lisipofika. Pili, kuna maji yanayotumiwa bila kulipiwa: huyu amejiunganishia bomba kisirisiri, yule mita yake imekufa. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua maji yaliyoingizwa mabombani, toa yaliyolipiwa. Tofauti ndiyo hasara.

Mwaka wa 1993, Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa umechakazwa na miaka mingi ya vita. Katika kila lita 100 za maji, yapata lita 72 hazikulipiwa. Mwaka huo, Bw. Ek Sonn Chan alikabidhiwa shirika la maji. Je, alifanyaje?

Kwanza, kila mteja aliwekewa mita, mkubwa kwa mdogo. Mwenyewe amesimulia kuwa jenerali mmoja alimwelekezea bunduki kwa sababu ya mita hiyo! Hata hivyo, hakurudi nyuma. Pili, wafanyakazi walioshiriki wizi waliadhibiwa, na mwananchi aliyefichua bomba la wizi alituzwa. Tatu, mabomba mabovu yalibadilishwa, na mafundi wakawekwa zamu usiku na mchana. Nne, mji uligawanywa katika sehemu, kila sehemu ikapimwa peke yake. Watu wakiwa wamelala na maji bado yanakwenda mbio, basi hapo pana mvujo.

Kufikia mwaka wa 2010, hasara ilikuwa imeshuka hadi karibu lita 6 kwa kila 100. Maji yalitoka saa 24, hata katika nyumba za maskini.

Na hapa kwetu Kenya? Ripoti za wasimamizi wa huduma za maji zimeonyesha, mwaka baada ya mwaka, kuwa zaidi ya lita 4 katika kila 10 hazilipiwi. Anayelipa bili kwa uaminifu ndiye anayebeba mzigo, na anayeishi mwisho wa bomba ndiye anayekosa maji.

ZOEZI: Ombeni ruhusa kwa mwalimu wa zamu. Usiku, fungeni mifereji yote, msome mita ya shule. Alfajiri, kabla mtu hajaoga, isomeni tena. Tarakimu zikiwa zimesonga, kuna mahali panapovuja, nanyi mtafuteni fundi mapema. Mvujo unaojaza debe la lita 20 kila usiku humwaga lita 600 kwa siku 30. Jamani, hizo ni nguo ngapi?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.