Kuomba Alfajiri Katika Chumba cha Watu Wanne

Somo: Marko 1:29–37, Mithali 27:14, Mwanzo 13:5–12

Mwezi huu vijana wetu kadhaa wameripoti vyuoni na kuhamia hosteli. Wengine wamekodi chumba pamoja hapa hapa Tassia ili wagawane kodi. Tumewaombea masomo. Leo nataka kuwaambia jambo ambalo mimi sikuambiwa nilipotoka nyumbani.

Nilikuja Nairobi kutoka Kitui kusomea upishi. Hosteli yetu ilikuwa gorofa ya nne: vitanda viwili vya dabo deka, wasichana wanne, meko moja, mitungi ya maji mlangoni. Nyumbani mama alinizoesha kuomba saa kumi alfajiri, na kuomba kwetu si kwa kunong'ona. Usiku wa kwanza nikaamka, nikawasha taa, nikaanza kukemea. Niliona nimetumwa kukiteka chumba kile kwa ajili ya Yesu.

Msichana aliyelala juu yangu alifanya kazi ya jioni hotelini, akirudi karibu saa sita usiku. Alivumilia wiki tatu. Siku moja akashuka, akaniambia polepole, "Dadangu, wewe unakemea mapepo saa kumi, na sufuria yako ina ugali uliokauka tangu juzi. Mimi sina shida na Mungu. Lakini ukiendelea hivi, nitaanza kumchukia."

Nilikimbia kwa kiongozi wa ushirika wetu wa nyumbani, nikilia kwamba nateswa kwa ajili ya Jina. Mama yule hakunipa pole. Alinifungulia Mithali 27:14. Andiko hilo linaonya kwamba baraka ya kupigiwa kelele alfajiri, jirani anaweza kuipokea kama laana. Nilikuwa nimesoma Biblia yote, na sikuwahi kuliona!

Nikamuuliza, "Lakini Yesu si alisema tuingie chumbani, tufunge mlango, ndio tuombe?"

Akanijibu, "Chumba chako kina watu wanne. Ukifunga mlango, umewafungia ndani pamoja nawe."

Kisha tukasoma Marko 1. Yesu alikuwa Kapernaumu, nyumbani kwa Simoni na Andrea. Jioni ile mji mzima ulikusanyika mlangoni, akaponya wengi. Alipoamka kungali giza, hakuombea pale ndani. Alitoka, akaenda mahali pasipo watu. Simoni na wenzake walikuja kumtafuta baadaye. Maombi yake hayakupungua nguvu kwa sababu hakumwamsha mtu.

Kuanzia hapo nilimwomba kearteka ruhusa ya kupanda juu kabisa, kwenye kamba za nguo. Hata huko niliomba kwa sauti ya chini, maana mnajua gorofa za Tassia zilivyokaribiana: sauti ya huku inaingia dirisha la kule. Nilijifunza mambo matatu.

1. Nafasi ni ya wote. Wachungaji wa Abramu waligombana na wa Lutu kwa sababu nchi haikuwatosha pamoja. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini alimwachia mpwa wake achague kwanza. Anayemtegemea Mungu hagombanii kona ya chumba, wala msumari wa kutundika nguo.

2. Semeni mapema. Sisi wanne tuliketi tukapanga: saa ya kuzima taa, nani analipia gesi mwezi gani, nani anajaza mitungi siku ya maji. Kununa wiki tatu hakujengi mtu. Hata wageni wawe wa kuulizana kwanza.

3. Mikono yako ihubiri. Katika Yohana 13, Bwana alichukua beseni akaosha miguu ya wanafunzi. Mimi nilianza na sufuria yangu. Kisha nikaanza kumbakishia yule dada maji ya moto kwenye themosi, akirudi usiku aoge.

Ningependa kuwaambia kwamba aliokoka. Hajaokoka, mpaka leo. Lakini asubuhi ya mtihani wake wa mwisho aliniuliza, "Leo ukipanda juu, utanitaja?" Wiki zile tatu za kukemea, hakuwahi kuniomba hivyo.

Mzazi, unapomfungia mtoto wako godoro na sanduku, mwambie pia hili. Nawe kijana, usipunguze maombi. Tafuta tu mahali ambapo maombi yako hayatamnyima mwenzako usingizi.

Maswali ya ushirika
- Ni tabia gani yangu ya kiroho inayomchosha ninayeishi naye?
- Ni kazi gani ya nyumba ninayoiacha, nikitarajia mwingine aifanye?
- Je, kuna mtu ninayemnunia ambaye napaswa kuketi naye wiki hii?

Tuombe: Baba, tufundishe kukutafuta bila kuwakanyaga wale uliotuweka pamoja nao. Wape vijana wetu wenzao wema, na wao wawe wenzao wema. Katika jina la Yesu, amina.