Somo la 14: Asali na Chombo cha Chuma



Hapa Rungwa tunaijua asali. Tunatundika mizinga katika miti ya miombo. Tunarina usiku, tunachuja, tunauza. Kazi hii ina moshi, miiba ya nyuki na safari ndefu porini. Je, ni vizuri jasho hilo lote lipotee kwa sababu ya ndoo moja?

Umepata kuona asali iliyokaa miezi mingi ndani ya debe lenye kutu? Huwa nyeusi, na ladha yake hubadilika. Ukiifikisha Itigi, mnunuzi huionja na kuikataa. Wengine husema imeharibiwa na moshi. Huenda ikawa hivyo. Lakini mara nyingine kosa ni la chombo.

Asali ni tamu, lakini ndani yake mna asidi. Asidi ndiyo inayofanya ndimu na ukwaju viwe vikali. Katika asali hatuisikii, kwa sababu utamu huificha.

Asidi hula chuma na zinki. Huvila polepole, na vipande vidogo visivyoonekana kwa macho huingia katika asali. Ndoo nyeupe ya bati imepakwa zinki ili isishike kutu. Asidi huila zinki hiyo. Zinki ikizidi katika chakula, mlaji huumwa tumbo na kutapika.

Jaribio

Fanya jaribio hili nyumbani pamoja na watoto.

1. Chukua bilauri mbili. Tia maji ya ndimu katika kila moja.
2. Sugua msumari kwa jiwe mpaka ung'ae. Utie katika bilauri ya kwanza.
3. Katika bilauri ya pili tia kipande cha plastiki safi.
4. Acha kwa siku mbili, ukitazama mara kwa mara.

Kwenye msumari mtaona viputo vidogo. Hiyo ni hewa iitwayo haidrojeni. Hutoka asidi inapokula chuma. Msumari utapoteza mng'ao wake. Plastiki haitabadilika. Msinywe maji hayo, yamwageni.

Angalia! Usitumie maji ya betri ya gari. Hiyo ni asidi kali sana. Huunguza ngozi na kupofusha macho.

Basi tufanye nini?

Weka asali katika ndoo ya plastiki ya chakula au chupa ya kioo. Chombo kiwe safi, kikavu, na chenye mfuniko unaobana. Usitumie chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya mimea au mafuta ya taa. Debe la bure laweza kukugharimu mavuno ya msimu mzima.

Maswali

1. Kwa nini hatuisikii asidi tunapolamba asali?
2. Viputo kwenye msumari vinatokana na nini?
3. Kwa nini ndoo ya bati haifai kuwekea asali?
4. Wewe unaweka asali yako katika chombo gani? Zungumzeni darasani.