SOMO LA BIOLOJIA: KWA NINI SAMAKI ZETU ZILIKUFA?

Mnakumbuka namna darasa la tatu tulileta samaki kumi za ziwa Tanganyika, tukazitia katika sanduku la kioo siku ile ile. Kisha juma moja, saba zilikuwa zimekufa. Wengine walisema: mtu ametia sumu. Kweli sumu ilikuwamo, lakini hakuna mtu aliyeitia. Samaki zenyewe ziliifanya.

1. Sumu inatoka wapi? Samaki anatoa amoniaka katika maji, zaidi kwa mashavu anayopumulia. Chakula kinachobaki na kuoza kinatoa amoniaka vilevile. Katika ziwa kuna bakteria za kwanza zinazoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu bado. Bakteria za pili zinageuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana. Katika sanduku jipya bakteria hizi hazijazaa. Zinaomba karibu majuma 4 mpaka 6. Basi maji yanaweza kuonekana safi kabisa, na kumbe yanaua.

2. Maji ya Tanganyika ni ya namna gani? pH yake ni karibu 9. Kwa joto la digrii 25, katika maji ya pH 7, sehemu kali ya amoniaka haifiki 1 kwa 100. Kwa pH 9 inapita 30 kwa 100! Ndiyo sababu samaki zetu hazikuvumilia.

3. Na chumvi je? Litri moja ya maji ya bahari ina karibu grama 35 za chumvi. Ya Tanganyika haifiki grama 1. Kwa hiyo tusimwage chumvi ya jikoni, hata kama mtu anasema ni dawa. Tena, maji yakikauka, chumvi haiendi nayo, inabaki. Maji yaliyokauka tuyarudishe kwa maji ya mvua safi. Lakini tukitoa maji machafu, turudishe maji ya ziwa.

4. Tufanye nini mara ingine?
– Tutie kwanza maji na mawe ya ziwa yasiyokauka, kwa maana bakteria zinakaa juu ya mawe.
– Tuanze na samaki mbili tu, tungoje majuma, kisha tuongeze kidogo kidogo.
– Chakula kiwe kile kinachomalizika mara moja.
– Kila juma tubadilishe robo ya maji, si yote.
– Tusioshe mawe kwa maji ya robine yenye klori, inaua bakteria.

Samaki tatu zingali hai. Tusimsingizie mwenzetu tena, tuzitunze hizi.

Maulizo: (a) Sanduku lina litri 80. Robo yake ni litri ngapi? (b) Kwa nini maji safi kwa macho si lazima yawe mazuri kwa samaki?