Kihusishi Gani Baada ya Kitenzi cha Kiingereza?

Acha kutafsiri "kwa". Hapo ndipo wengi huteleza. Kwa Kiswahili mtu hutuhumiwa kwa wizi, hushtakiwa kwa wizi, hulaumiwa kwa wizi. Kiingereza hukipa kila kitenzi kihusishi chake: "accused of", "charged with", "blamed for". Usihangaike kutafuta kanuni. Kariri kitenzi na kihusishi chake kwa pamoja.

Daftarini usiandike "depend" peke yake. Andika "It depends on the price". Sentensi fupi hukaa kichwani kuliko orodha ndefu.

Anza na vitenzi visivyotaka kihusishi kabisa, maana ndivyo vinavyochafua barua za ofisini. "Discuss about", "emphasize on", "contact with": futa hivyo vihusishi. Sema "We discussed the budget", basi. Utaniuliza, mbona watu husema "a discussion about the budget"? Hapo ni nomino, na nomino zina mambo yake.

Upande wa pili kuna vihusishi tunavyovisahau. Ukisema "nisubiri" au "nisikilize", huhitaji neno la ziada. Kiingereza kinalidai: "wait for me", "listen to me". Na "nieleze" si "explain me" hata siku moja. Ni "explain it to me".

Kisha angalia kinachofuata. Unapoomba kazi, "apply to" humtaja mwajiri, "apply for" huitaja kazi yenyewe. Unapoomba radhi, "apologize to" ni kwa uliyemkosea, "apologize for" ni kwa kosa.

Kitenzi kikifuata kihusishi, kipe -ing: "She insisted on paying." Mtego mkubwa ni "look forward to", kwa sababu hiyo "to" ni kihusishi. Kwa hiyo barua yako ya kuomba kazi ifunge hivi: "I look forward to hearing from you." Ukiandika "to hear", umekosea kwenye mstari wa mwisho kabisa, na huo ndio atakaoondoka nao msomaji.

Ukisita, fungua kamusi ya wanaojifunza, kama Oxford Advanced Learner's Dictionary iliyoanzishwa na A. S. Hornby. Tafuta kitenzi, ruka maana, nenda moja kwa moja kwenye mifano. Unaokufaa, unakili wote.