Tamthilia Isiyo na Jukwaa: Usomaji wa Pamoja Miongoni mwa Waigizaji Waliotengana

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga kumbi za maonyesho katika nchi nyingi, waigizaji walianza kusomeana tamthilia kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa kwake. Wako wanaoichukulia namna hiyo ya utendaji kuwa zao la teknolojia mpya. Yaelekea wamesahau mchezo wa redio, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiwategemea waigizaji wanaosoma mswada bila kuonekana.

Kwa msomaji wa nyanda za juu za Kigoma, mfano ulio karibu zaidi uko Burundi. Studio Ijambo iliundwa Bujumbura mwaka 1995, na mwaka 1997 ikaanza kutayarisha mchezo wa mfululizo uitwao Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye jamaa, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Waigizaji Wahutu na Watutsi waliusoma pamoja huku vita vilivyozuka mwaka 1993 vikiendelea nje ya studio. Hapa kubaki kundi moja hakukuwa burudani. Kulikuwa ndiyo maana yenyewe ya kazi. Aidha, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, Muha wa Titye hakuhitaji mfasiri ili aufuate mchezo wa namna hiyo.

Hata hivyo, studio na intaneti hazilingani. Katika studio waigizaji huvuta pumzi chumba kimoja. Katika intaneti sauti huchelewa, japo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Majibizano ya zamu kwa zamu huvumilia kasoro hiyo. Wimbo wa pamoja hauivumilii. Kila mwimbaji humsikia mwenzake akiwa nyuma, naye akimngoja, kiitikio huzidi kuburuta hadi kikavunjika.

Kwa hiyo si kila tamthilia yafaa. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za Ebrahim Hussein, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, zimejengwa juu ya sauti ya fanani msimulizi, na hazipotezi mengi zikisomwa hivyo. Kinjeketile ya mwandishi huyohuyo (1969) ina matukio ya umati ambayo nguvu yake hutokana na watu wengi kutamka kwa pamoja. Ikisomwa na waigizaji waliotawanyika, umati huo hugeuka orodha ya watu binafsi, na dhamira ya umoja hudhoofika papo hapo ilipopaswa kusikika.

Tatizo hili ni zito zaidi kwa kikundi cha Titye au Kibondo, ambako ngoma na kiitikio ni uti wa mgongo wa utendaji. Hapana budi nyimbo zirekodiwe mapema na wale wanaoweza kukutana, zichezwe mahali pake wakati wa usomaji, na maelekezo ya jukwaani akabidhiwe msomaji mmoja asiye na uhusika mwingine.